Salongo na Moyo wa Kujitolea: Kazi ya Vijana Hapa Goma

Ukitamka neno «salongo» katika kartye yoyote ya Goma, mmoja atakamata fagio, mwingine atafunga mlango na kujifanya hayuko. Neno ni moja, lakini mioyo ni miwili. Tunapenda kueleza sababu yake, maana vijana wetu wanazibua mifereji bila kujua historia ya kazi wanayoifanya.

Wazee wetu hawakulihitaji neno hilo. Shamba likizidi mikono ya nyumba moja, majirani waliitwa. Wasemao Kinyarwanda waliita kazi hiyo ubudehe: watu walilima kwa Fulani leo, kesho kwa mwingine. Mwenye shamba alitayarisha chakula na kasiksi, kisha naye akawa na deni la jasho kwa wenzake. Hakuna aliyeandika majina ya waliokosa. Aibu ndiyo ilikuwa daftari.

Mbelgiji alileta kazi ya namna nyingine. Tangu 1917 sheria ya koloni ililazimisha wanakijiji kulima mimea iliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Aliyekataa alingojwa na faini au gereza. Hapo kazi ya wengi ikaanza kunuka Bula Matari.

Katika miaka ya 1970 Mobutu alileta salongo. Wazo lenyewe halikuwa baya: mara moja kwa juma, raia wote, mkubwa na mdogo, wakate majani, wasafishe barabara na mitaro. Lakini ilikuwa amri ya chama kimoja, MPR, na asiyetokea aliweza kuadhibiwa. Kumbe mtu alishika jembe akiwa anaangalia nani anamwangalia. Njo maana, utawala ule ulipodhoofika, wengi waliliweka jembe chini.

Je, moyo wa kujitolea ulikufa? Hapana, ndugu msomaji. Tazama Julai 1994. Kwa siku chache wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda walimiminika huku kwetu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Makaburi hayakuchimbika, kwa sababu chini ni mawe ya volkano. Skauti wa hapa, vijana wadogo kabisa, pamoja na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, waliokota maiti kando ya barabara.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Waliokimbilia Gisenyi walianza kurudi baada ya siku chache tu, mawe yakingali moto. Vijana walivunja makoro kwa nyundo, wakabeba mbao na mabati kwa chukudu, na kartye zikasimama tena juu ya mawe yale yale.

Mwaka 2012 vijana wa mji huu walianzisha LUCHA. Walishika fagio, lakini pia walidai maji, kazi na amani. Walituachia swali gumu: kijana akisafisha mfereji ambao kodi ingepaswa kuusafisha, je, anaisaidia jamii au anamfichia kiongozi uvivu wake? Wengine kati yao walifungwa kwa sababu ya kudai.

Volkano ilirudi 22 Mei 2021. Zaidi ya watu 30 walikufa, na mabomba ya maji yaliharibika hata karibu nusu milioni ya watu wakakosa maji. Tena, mnamo Januari 2025, vita vilipoingia mjini na M23 ikauteka, waliozika wafu walikuwa watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Hao hawakungoja kuandikwa kwenye orodha ya mkubwa wa mtaa.

Basi tusichanganye mambo mawili. Siku ya msiba mkubwa, mtu wa Goma hutoka bila kusukumwa, kwa sababu anajua anafanyia nani. Siku ya amri, anatoka mwili peke yake. Mwenye kuitisha kazi, awe shefu wa avenyu, padri, pasta au kiongozi yeyote, ajiulize kwanza kama anaowaita walishauriwa, kama na yeye atashika koleo, na kama takataka zitakazokusanywa zitabebwa au zitabaki barabarani mpaka mvua izirudishe ndani ya mfereji.

Na wazee mliolima kwa ubudehe, na ninyi mliopiga salongo ya Mobutu, waelezeni watoto yote mawili. Kijana asiyeambiwa tofauti yake ataona kila fagio ni adhabu, na siku mlima utakapowaka tena tutamhitaji.