Gari ya turbo haina nguvu: mambo ya kuangalia mbele ya kuongeza mazuti

Shofere akifika kwa fundi na kusema gari yake haipandi tena mulima, jibu linakuja haraka: "Tuongeze mazuti." Fundi anazungusha vise ya pompe, gari inaruka, kila mutu anafurahi. Lakini motere ya diesel inaweza kulipa furaha hiyo kwa kutoboka pistoni. Hapa tunaeleza namna mazuti, hewa na joto vinatembea pamoja, na kazi gani ianze mbele ya ingine.

Mazuti bila hewa ni moshi

Ili kilo 1 ya mazuti iungue yote, inaomba karibu kilo 14 na nusu za hewa. Lakini ndani ya motere muda ni mufupi sana, mazuti na hewa havichanganyike muzuri. Njo maana motere inapenda hewa zaidi ya pale, karibu kilo 18 ao 20. Ukishuka chini, eshapema inaanza kutoa moshi mweusi. Moshi ule ni mazuti uliyolipa na haikufanya kazi. Na joto ndani ya motere inapanda.

Huku kwetu kuna tena shida ya milima. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Pale hewa imepungua karibu sehemu moja kwa sita kulinganisha na kando ya bahari. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, iko karibu metre 770. Gari yenye kurekebishwa Uvira inaweza kutembea safi kule chini, kisha ikatoa moshi mweusi kwenye mulima wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi. Turbo inasaidia kurudisha hewa yenye kukosa, lakini inafanya hivyo kwa kuzunguka mbio zaidi. Nayo iko na mwisho wake.

Pompe inajuaje kama turbo inafanya kazi?

Tuchukue mufano wa Toyota Land Cruiser 80 yenye motere 1HD-T, litre 4,2, iliyotoka mwaka 1990. Pompe yake ni ya aina ya VE, ile Bosch ilivumbua. Nyuma ya pompe kuna vise inayopima mazuti ya mwisho. Juu yake kuna kifuniko, na ndani mpira mwembamba na resori. Tiyo ndogo inaleta hewa ya turbo pale juu. Turbo ikisukuma, mpira unashuka, pompe inatoa mazuti zaidi.

Hapa njo watu wengi wanapotea. Kama ile tiyo ndogo imepasuka, ao mpira umetoboka, pompe haijue kama turbo inasukuma. Gari inakosa nguvu. Fundi asiyeangalia anafunga vise ya nyuma, na motere inapata mazuti mengi hata wakati turbo haijaanza kusukuma. Shida ya kweli inabaki palepale, na ingine imeongezwa juu yake.

Kazi ifuate mpango huu

1. Filtre ya hewa na filtre ya mazuti. Mazuti ya bidon mara nyingi iko na maji na vumbi. Toa maji chini ya filtre.
2. Tiyo zote za turbo, kubwa na ndogo. Sauti ya "sss" ukikanyaga pedale ni alama ya hewa yenye kutoroka.
3. Enjektere zipimwe kwenye mashine yake. Enjektere inayomwaga matone pahali pa kupuliza inaweza kuchoma pistoni, hata kama pompe iko sawa.
4. Weka kipimo cha joto ya moshi (pirometre) mbele ya turbo, na kipimo cha nguvu ya hewa ya turbo. Bila hivyo, fundi anafanya kazi macho imefungwa.
5. Sasa njo uguse vise. Weka alama pale ilikuwa, kisha uzungushe sehemu moja ya nane ya muzunguko, si zaidi. Ralanti ikipanda, irudishe chini.
6. Jaribu kwenye mupando, gari ikiwa na muzigo. Barabara sawa na gari tupu hazionyeshe kitu.

Mafundi wengi wanasimama joto ikifika karibu degre 700. Aluminium, chuma ya pistoni, inayeyuka karibu degre 660. Pistoni inavumilia kwa sababu mafuta ya motere inaipoza na moto haukae pale saa yote. Lakini mupando murefu unamaliza uvumilivu ule.

Motere zingine

1HZ ya Land Cruiser nyingi za huku ilitoka kiwandani bila turbo. Inakandamiza hewa zaidi ya mara 22, na 1HD-T karibu mara 18,6. Kuitilia turbo na mazuti mengi ni kuongeza joto pahali joto ilikuwa tayari. Asiyetaka kuvunja aweke turbo ya nguvu kidogo.

Hilux na Prado za 1KD-FTV hazina vise ile. Ordinatere njo inapima mazuti. Mazuti ndani ya tiyo zake inapita bar 1.000. Usitafute pahali inavuja kwa kidole: inapenya ngozi, na kidonda hicho ni cha hospitali siku ileile.

Kwa shofere

Motere ikizimika kwenye mupando, freni inakuwa nguvu kukanyaga na volan inakuwa nzito, na abiria wako nyuma. Kwa hiyo moshi mweusi si alama ya gari yenye nguvu. Ukiuona, ao joto ikipanda, toa muguu kidogo na urudishe vitesse chini. Ukifika juu, acha motere iunguruma dakika 2 ao 3 mbele ya kuzima, turbo ipoe. Na kwa garaji, uliza fundi kwanza: "Umeangalia hewa?" Kama hajaangalia, vise ya pompe ingojee.