Habari za Dohani na Moshi Unaorudi Ndani

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya moshi. Si moshi wa vita wala wa garimoshi, bali ule wa kuni unaoingia chumbani, ukakaa katika nguo na matandiko, na kuwaumiza watu macho na vifua. Katika nchi za baridi, ambako moto huwaka ndani ya nyumba miezi mingi ya mwaka, watu walitaabika kwa jambo hili karne nyingi kabla ya kulijua asili yake.

Zamani nyumba za Waingereza hazikuwa na dohani. Moto uliwashwa katikati ya ukumbi, na moshi ulijitafutia njia katika tundu la paa. Mtu aliyezoea kupikia juu ya mafiga chini ya paa la nyasi hatastaajabu. Katika karne ya 16 dohani za matofali zilianza kuenea, na kasisi mmoja wa jimbo la Essex, jina lake William Harrison, aliandika katika mwaka wa 1577 ya kuwa wazee wa kijiji chake walishangaa kuona wingi wake, kwa maana katika ujana wao miji mingi ya shamba ilikuwa nazo mbili tatu tu. Walakini Harrison mwenyewe hakupendezwa. Alisema moshi wa zamani ulikuwa ukiikaza miti ya nyumba na kumkinga mwenye nyumba na jamaa zake na mafua. Kwa habari ya miti alisema kweli, kama ajuavyo kila mtu anayetundika mahindi ya mbegu juu ya meko ili wadudu wasiyale. Kwa habari ya mafua alikosea sana.

Dohani zikaleta taabu mpya. Nyingine zilivuta moshi vizuri, na nyingine, zilizojengwa na fundi yule yule, zilirudisha moshi wote chumbani. Wenye nyumba walibomoa na kujenga tena, wakaongeza vifuniko vya kila namna juu ya paa, na mara nyingi fedha ilipotea na moshi ukabaki. Hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa utaratibu ni Benjamin Franklin, Mmarekani mashuhuri. Katika mwaka wa 1785, naye ni mzee wa miaka 79, alikuwa merikebuni akirudi kwao kutoka Ulaya. Huko baharini alimwandikia rafiki yake Jan Ingenhousz, tabibu wa Kaizari mjini Vienna, barua ndefu juu ya dohani zinazotoa moshi ndani na dawa yake. Barua hiyo ilipigwa chapa Philadelphia mwaka uliofuata.

Kwanza aliondoa dhana moja. Watu waliamini ya kuwa moshi ni mwepesi kwa asili, na ya kuwa dohani ina nguvu yake yenyewe ya kuuvuta. Franklin akasema sivyo: moshi ni mzito kuliko hewa, nao hupanda kwa sababu umechukuliwa na hewa iliyopata moto, ambayo imekuwa nyepesi. Basi hewa ikitoka juu, sharti nyingine iingie chini kushika mahali pake. Kama haina pa kuingilia, itateremka katika dohani ile ile, ikirudi na moshi.

Kisha akazitaja sababu tisa za taabu hii. Sitazieleza zote, maana nyingine ni za upepo wa vilimani na za milango iliyowekwa vibaya. Nitasema zile zilizowasumbua watu zaidi.

Ya kwanza ni ukosefu wa hewa. Nyumba mpya, iliyojengwa na mafundi hodari, mbao zake zimeshikana na milango imekaa sawasawa, ndiyo hasa itakayojaa moshi! Jinsi ya kuijua ni rahisi. Fungua mlango moto ukiwaka. Moshi ukiacha kuingia, umekwisha kuipata sababu. Tena Franklin alionyesha namna ya kupima. Usogeze mlango polepole mpaka moshi uanze kurudi, kisha uufungue kidogo mpaka ukome, ukautazame ufa uliobaki. Mlango wa urefu wa futi 8, wenye ufa wa nusu inchi, unapitisha hewa ya tundu la inchi 48 za mraba, yaani inchi 6 kwa 8. Tundu la kadiri hiyo ndilo chumba kinalohitaji. Naona hesabu hiyo ndogo ilikuwa na faida kuliko vifuniko vyote vya juu ya paa.

Mdomo wa meko ukiwa mpana mno, uupunguze kwa mbao kwa muda, uone kama moshi unakoma, ndipo uite mwashi. Dohani ikiwa fupi, irefushwe. Tena kuna dohani mbili katika nyumba moja zinazoshindana: moto mkubwa wa jikoni hutaka hewa nyingi, nayo huivuta kutoka chumba cha pili, moshi wa huko ukageuka na kushuka. Siku hizi pangaboi la umeme linalotoa hewa nje laweza kufanya vivyo hivyo katika nyumba yenye tanuri la kuni.

Sababu ya nane ndiyo ya ajabu, kwa kuwa ni ya harufu ya moshi mahali pasipo moto. Kuta za dohani hazibadiliki upesi kwa joto au baridi. Usiku wa kiangazi dohani huwa na joto kuliko hewa ya nje, na hewa iliyomo hupanda. Mchana, jua likiwa kali, dohani ingali na ubaridi wa usiku. Hewa yake huwa nzito, ikashuka chumbani, na kama moshi wa jirani unapita juu ya paa, hushuka pamoja nayo. Dawa yake ni bamba la kuziba dohani isiyotumika.

Franklin hakuficha ya kuwa alipata kushindwa. Rafiki yake mmoja, karibu na London, alikuwa na chumba kizuri kisichoweza kuwashwa moto. Franklin akafungua mlango, akapunguza mdomo wa meko, akatoka nje kutazama juu, hakuona kitu. Baadaye mwenye nyumba, asiyedai elimu yo yote ya mambo hayo, alipanda kwa ngazi akachungulia ndani. Dohani ilikuwa imejaa vijiti, majani makavu na udongo, na juu yake manyoya. Nyumba ilikaa tupu miaka kadha, na ndege wakajenga humo. Takataka zilipoondolewa, dohani ikavuta vizuri.

Katika mwaka wa 1796 Mmarekani mwingine, Benjamin Thompson, aliyeitwa Count Rumford, alitoa kitabu juu ya meko. Yeye alilikaza shauri moja: koo ya dohani iwe nyembamba, kiasi cha inchi 4. Matengenezo yake yalienea upesi mjini London.

Lakini dohani hujaa masizi, na njia ikiziba moshi hurudi. Kazi ya kuyaondoa walipewa watoto wadogo, kwa kuwa mtu mzima hakuweza kupenya. Walipanda kwa magoti na viwiko, wengine wakakwama humo wakafa. Tabibu Percivall Pott alionyesha mwaka 1775 ya kuwa masizi yaliwaletea wafagiaji ugonjwa wa saratani. Chombo cha kufagilia, chenye fimbo za kuunganishwa na brashi, kilibuniwa na George Smart mwaka 1803. Hata hivyo watoto waliendelea kupandishwa, kwa maana mafundi walidai kuwa hicho hakifai katika dohani zenye kona. Sheria za 1834, 1840 na 1864 hazikufuatwa vema. Mwezi wa Februari 1875 mtoto George Brewster alikwama katika dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge. Ukuta ukabomolewa, akatolewa, akafa muda mfupi baadaye. Mwaka huo huo Lord Shaftesbury akapitisha sheria iliyoamuru kila mfagiaji awe na cheti cha polisi, na tangu hapo brashi zikafanya kazi yote.