Baridi Yabisi na Mafuta ya Kihindi

  Leo nitawasimulia habari za zamani, kwa sababu kuna swali ambalo limekuwa likirudi kliniki: hii tiba inayoitwa Ayurveda ni kitu gani, na je, inaponya mgongo na shingo?

Wengi walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza wakati wa msiba. Tarehe 15 Oktoba 2025, Waziri Mkuu wa zamani Raila Odinga alifariki katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, alikokuwa amekwenda kutibiwa. Alianguka wakati wa matembezi ya asubuhi na moyo ukasimama. Watu wakakumbuka kwamba binti yake Rosemary naye alikuwa ametibiwa macho huko huko Kerala, kwa tiba hiyo ya Ayurveda. Neno lilikuwa geni, lakini mafuta ya Kihindi ya kukanda mgongo tumeyajua siku nyingi. Nyanya zetu waliyajua.

Hebu tuanze na ugonjwa wenyewe. Mama akiumwa na viungo, watu husema ana baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Neno hili lina historia ndani yake. Matabibu wa zamani wa Kiarabu walifundisha kwamba mwili una joto na baridi, ukavu na unyevu, na kimoja kikizidi mtu huugua. Maumivu ya viungo yakahesabiwa kuwa ubaridi na ukavu. Mawazo hayo yalifika Pwani yetu pamoja na dini na biashara, na jina likapanda bara hadi kwetu.

Wahindi walikuwa na mawazo yanayokaribiana na hayo. Ayurveda maana yake ni elimu ya maisha. Vitabu vyake vikuu, kile cha Charaka na kile cha Sushruta, vina umri wa yapata miaka 2,000. Vinasema mwilini mna nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata ni kama upepo. Ni baridi, ni kavu, na haitulii. Ikizidi, mgongo unakakamaa na shingo haigeuki. Sasa dawa ya kitu baridi na kikavu ni ipi? Ni mafuta yaliyopashwa moto.

Kwa hiyo mganga wa Ayurveda humkanda mgonjwa mwili mzima kwa mafuta vuguvugu, mara nyingi mafuta ya ufuta, yaani simsim, yaliyochemshwa na mizizi na majani. Mgongo ukiwa sugu, hufanya jambo ambalo mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka. Hukanda unga wa jamii ya dengu kama wa chapati, akaufinyanga kuwa duara, akaubandika kiunoni mgonjwa akiwa amelala kifudifudi. Ndani ya duara hilo humimina mafuta ya uvuguvugu, na yakipoa huyateka na kumimina mengine, kwa muda wa nusu saa hivi. Tiba hiyo huitwa kati basti. Ya shingoni huitwa griva basti. Hurudiwa siku kadhaa, na mgonjwa anapumzika, anapewa chakula maalumu, habebi kitu. Hilo la kutobeba kitu, kina mama, lishikeni, nitalirudia.

Tiba hii ilifikaje huku? Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na Desemba 1901 ikafika Kisumu. Waliletwa vibarua Wahindi wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab. Hesabu za reli zinasema 2,493 walikufa, na wengine 6,454 walirudishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa na kuumia. Fikiria vyuma na mataruma yaliyobebwa kwa mabega ya watu kutoka baharini hadi ziwani. Waliobaki Afrika Mashariki walikuwa 6,724. Pamoja na wafanyabiashara waliofuata reli, Wahindi wakafungua maduka hadi Mumias na Kakamega. Jikoni mwao mlikuwa na manjano, tangawizi kavu, mvuje na mafuta ya ufuta, na vitu hivyo vilikuwa chakula na pia dawa. Ufuta wenyewe haukuwa mgeni kwa watu wa magharibi, na kumkanda mzazi au mzee tulikuwa tukifanya. Kwa hiyo mafuta ya Mhindi hayakukuta nyumba tupu.

Wakati huo tiba hizi zilikuwa zikidharauliwa kote kote. Huko India, mwaka 1835, Waingereza walifunga chuo cha Calcutta kilichokuwa kikifundisha tiba ya Kihindi pamoja na ya Kizungu, wakaanzisha cha Kizungu peke yake. Hapa Kenya, sheria ya uchawi ya 1925 iliwatia woga waganga wengi, wachawi na wasio wachawi. Lakini Wahindi walijipanga. Mwaka 1902 daktari mmoja wa Kerala, P. S. Varier, alianzisha nyumba ya dawa mjini Kottakkal, akatengeneza mafuta na dawa za Ayurveda kwa wingi na kuzitia chupani. Hapo dawa iliweza kusafiri bila mganga.

Na hapo ndipo penye tatizo letu. Kilichosafiri zaidi ni chupa na kopo. Mganga anayekupima, mapumziko, chakula, mikono inayojua kukanda, vyote vilibaki India. Tena makopo hayo hayafanani. Ayurveda ina tawi jingine la zamani, linaloitwa rasa shastra, ambalo hutumia madini kama zebaki na risasi yaliyochomwa na kusagwa, kwa imani kwamba moto umeyaondolea sumu. Kwa hiyo mafuta ya kupaka ni jambo moja, na kidonge cha kumeza ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani mjini humo. Dawa 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba wanawake sita wajawazito mjini New York walikutwa na risasi nyingi katika damu baada ya kumeza dawa za namna hiyo kutoka India. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na huharibu ubongo wake. Hakuna kiwango kidogo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Mama mmoja aliwahi kuniletea kopo la vidonge vyeusi alilouziwa sokoni kwa ajili ya kiuno. Alikuwa akinyonyesha. Kopo halikuwa na orodha ya vilivyomo wala namba ya usajili. Nilimwambia aache siku hiyo hiyo, naye akaniuliza kwa haki kabisa: “Na mgongo je, sista?”

Basi mgongo je? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Limekubali mazoezi, elimu ya kutunza mgongo, na pia kukandwa. Mikanda ya kiunoni halikuipendekeza. Kwa hiyo mafuta vuguvugu na mikono ya binti yako si ujinga. Yajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono yasije yakamwunguza mzee. Lakini kukanda peke yake hakutoshi ikiwa kesho unarudi na mtungi wa lita 20 kichwani. Beba lita 10 mara mbili. Kuni gawanya. Ukinyonyesha, mlete mtoto kwenye ziwa, usiinamishe shingo kumfuata. Tembea kila siku, usilale tu.

Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asilia na tiba mbadala, na dawa za mitishamba zinazouzwa hutakiwa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Ukipewa kopo, lilete kituoni tulitazame pamoja kabla ya kumeza. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasimeze kabisa.

Na kuna migongo isiyopaswa kukandwa hata kidogo. Mtoto anayelia akiguswa uti wa mgongo, au aliyeota kinundu mgongoni, huenda ana TB ya mifupa, mlete. Mlete pia mtu mwenye maumivu na homa, anayekonda, aliyeanguka karibuni, au mwenye maumivu yanayomwamsha usiku. Miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo na choo vikitoka bila kujua, usingoje asubuhi. Tafuta bodaboda au gari la jirani, mfike hospitali usiku huo huo.