Katekista wa Karema

Tunapoisimulia historia ya Ukatoliki katika nchi ya Mpanda, tumezoea kuanza na majina ya maaskofu na miaka ya kujengwa makanisa. Si vibaya kufanya hivyo. Lakini masimulizi ya namna hiyo hayatuelezi ni nani aliyeiingiza imani hii katika nyumba za watu, hata sala ya asubuhi ikawa jambo la kawaida kama kufagia uwanja. Kwa maoni yetu, aliyefanya kazi hiyo ni katekista. Na katekista mashuhuri kuliko wote katika nchi hii alikuwa mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto.

Hata hivyo yatupasa kuanza na boma. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili. Mkutano wa Berlin ulipokwisha, mfalme huyo alikuwa amekwisha kuelekeza macho yake Kongo, na mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie lililoanzishwa Algiers mwaka 1868. Basi Injili ilikaa Karema ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya mfalme wa kigeni. Hatuna haja ya kulificha jambo hili. Wala tusifiche kwamba wengi wa Wakristo wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kwa mali kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, wakalelewa misheni, wakaoana misheni, wakalima chini ya amri ya misheni. Walikuwa wameokoka na pingu. Kama walikuwa huru pia kuichagua au kuikataa dini ya waliowakomboa, hilo ni swali ambalo mwanafunzi wa historia ana haki ya kuliuliza, na mwalimu asimnyamazishe.

Swali hilo linamhusu Adrian Atiman mwenyewe. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa nyara, akavushwa Jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre huko Algeria. Lavigerie aliamini kwamba Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe, tena Waafrika wenye kazi itakayowafungulia milango ya watu. Kwa hiyo aliwapeleka vijana Malta kusomea uganga. Atiman alianza masomo huko mwaka 1881, akafika Karema mwaka 1889, akaoa na kujenga nyumba yake. Alikaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kutibu na kufundisha. Wakoloni wa Kijerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, naye yungali pale pale.

Natufikiri maana ya kazi mbili kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mhubiri huweza kuachwa akisema peke yake. Mganga huitwa usiku. Aliyefungwa jeraha leo humsikiliza kesho aliyemfunga, na maneno juu ya Msamaria mwema hayahitaji tena maelezo marefu. Tena mganga huyu hakuwa Mzungu. Alikuwa mgeni, ndiyo, kwani kwao kulikuwa mbali mno, lakini alijua utumwa kuliko padre yeyote aliyemtuma. Mwanawe, Joseph, alipadrishwa mwaka 1923. Mwaka 1946 Atiman alichapisha habari za maisha yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kwa hiyo tunayo sauti yake mwenyewe, jambo ambalo ni nadra kwa watu waliopita njia aliyoipita.

Makatekista wengine hawakuwa na dawa wala jarida. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya majaribio na mafundisho, na mzigo wa miaka hiyo uliwaangukia wao vijijini. Misa ilikuwa kwa Kilatini. Maandiko Matakatifu watu wengi waliyapokea kwa masikio: katika katekisimu iliyokaririwa, katika nyimbo, katika mafumbo ya rozari. Wako wanaowacheka wazee kwa kukariri. Sisi hatuwacheki; watu waliorithi historia ya ukoo wao kwa kukariri hawakuona ajabu kuipokea hivyo habari ya Wokovu.

Mpanda yenyewe ilikuwa na mwendo mwingine. Ilikua kwa madini ya risasi na kwa reli kutoka Kaliua, nayo ikakusanya watu wa makabila mengi. Kisha wakaja wakimbizi kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, wakapewa makazi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, na imani yao haikutoka Karema. Kufika wakati huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulikuwa umeruhusu ibada kwa lugha za wenyeji, na maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wakihimiza jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani wachache husoma Injili nyumbani na kuulizana itendwe vipi: nani amefiwa, nani hana chakula, nani hasemi na nduguye.

Jimbo la Karema lilikuwa limekwisha kubadilishwa jina mwaka 1969, likaitwa Sumbawanga. Jimbo la Mpanda likaundwa mwaka 2000, na Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Makao yamehama na mipaka imechorwa upya. Lakini katika vigango vilivyo mbali, padre hafiki kila Jumapili. Asubuhi katekista hugonga chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa mtini, watu huja, naye huwasomea masomo ya siku hiyo. Jioni huenda kumtazama mgonjwa.