Mashujaa wa Majimaji tunawajua, manesi wa korona je?

Wadau, Songea tunajua kukumbuka. Mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wana makumbusho, wana sanamu, na kila Februari kuna maadhimisho. Mtoto wa Lizaboni anakua akijua hivyo.

Sasa manesi wa korona je?

WHO iliufanya 2020 kuwa Mwaka wa Wauguzi na Wakunga, miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale. Waingereza wakawa wanatoka milangoni kila Alhamisi saa mbili usiku kuwapigia makofi wahudumu wao. Kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi. Mwishoni mwa Aprili Bara ikaacha kutoa takwimu, na hesabu ya taifa ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 12 Mei ikaja Siku ya Wauguzi. Utamshukuruje mtu kwa kuuguza wagonjwa ambao kwenye karatasi hawapo? Na nesi ndiye anayebadilisha shuka, anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayevuta hewa ileile usiku kucha wakati daktari kapita mara moja (madaktari mtanisamehe).

Kwa dunia nzima WHO ilikadiria wahudumu wa afya 80,000 hadi 180,000 walikufa kwa korona kufikia Mei 2021.

Chanjo ilipozinduliwa Tanzania tarehe 28 Julai 2021, majina tuliyosoma ni ya wakubwa waliochomwa. Aliyeshika sindano aliitwa tu "muuguzi".