Zamu ya Mzee: Uhaba wa Chanjo ya Homa ya Mafua nchini Marekani, 2004

Mafua katika mazungumzo ya kila siku ni maradhi ya kudharauliwa. Mtu hunywa chai ya tangawizi, hujifukiza, na baada ya siku chache hurudi katika shughuli zake. Lakini homa kali ya mafua, ile ambayo matabibu huiita influenza, ni maradhi ya namna nyingine. Mwaka 1918 iliizunguka dunia, ikashuka kutoka vyomboni hadi katika bandari za mwambao wa Afrika Mashariki, na idadi ya waliokufa ulimwenguni kote hukadiriwa kufikia milioni 50. Hata katika miaka ya kawaida homa hiyo haina heshima kwa wakongwe, kwani wengi wa wanaouawa nayo katika nchi za baridi ni watu waliotimiza miaka 65 au zaidi. Ndiyo maana katika nchi hizo kumpeleka mzazi kuchanjwa kabla baridi haijaingia limekuwa miongoni mwa mambo ambayo mzee huyatarajia kwa wanawe. Mwaka 2004 wana wengi wa Marekani walifika mlangoni na wazee wao, wakaambiwa chanjo imekwisha.

Kuelewa sababu yake kwahitaji kuelewa kwanza jinsi chanjo hiyo inavyotengenezwa. Kirusi cha homa ya mafua kilitambuliwa kwa mwanadamu mwaka 1933 na wataalamu wa London, na muda si mrefu ikagunduliwa kuwa huzaliana vyema ndani ya yai la kuku. Mwaka 1945, baada ya kujaribiwa kwa askari, chanjo iliruhusiwa kutumiwa na raia wa Marekani. Tangu hapo yai limebaki kuwa chungu cha kupikia dawa hiyo. Kirusi hupandikizwa katika yai ambalo kinda limeshaanza kuumbika, huachwa siku chache kizaliane, kisha ute huvunwa, kirusi huuliwa kwa kemikali na kusafishwa. Kwa kuwa kirusi hubadili sura kila mara, chanjo ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Shirika la Afya Duniani hutangaza kila Februari aina za virusi zitakazotumiwa katika nusu ya kaskazini ya dunia, na viwanda hubakiwa na miezi sita hivi ya kuitayarisha. Kazi ikiharibika Septemba, haiwezekani kuianza upya kabla ya majira ya baridi.

Hatari hiyo ilizidishwa na hesabu za biashara. Dozi isiyouzwa msimu huu hutupwa, na bei yake ilikuwa ndogo, basi faida ikawa nyembamba. Watengenezaji wakajitoa mmoja baada ya mwingine, na baada ya msimu wa 2002 na 2003 kampuni ya Wyeth nayo ikaiacha kazi hiyo. Taifa lenye watu wapatao milioni 290 likabaki likitegemea viwanda viwili kwa takriban chanjo yake yote ya sindano: cha Aventis Pasteur, kilichokuwa Pennsylvania, na cha Chiron, kampuni ya California ambayo kiwanda chake kilikuwa Liverpool, Uingereza. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa cha ndugu kilikuwa ng'ambo ya bahari, chini ya sheria za serikali nyingine.

Agosti 2004 kampuni ya Chiron ilitangaza kwamba baadhi ya chanjo zake zimeonekana kuwa na bakteria, na kwamba shehena ingechelewa kidogo. Tarehe 5 Oktoba mamlaka ya dawa ya Uingereza ikaisimamisha leseni ya kiwanda hicho kwa miezi mitatu. Kwa tangazo hilo moja Marekani ilipoteza dozi kati ya milioni 46 na 48, karibu nusu ya zile ilizozitarajia.

Siku hiyo hiyo wakuu wa afya wa Marekani walitoa orodha ya watakaotangulizwa: waliotimiza miaka 65, watoto wa miezi 6 hadi 23, wajawazito, wagonjwa wa maradhi ya kudumu kama vile pumu, kisukari na moyo, wakaazi wa nyumba za kulelea wazee, wahudumu wa hospitali wanaowagusa wagonjwa, na wale wanaolea vichanga wasiotimiza miezi sita. Wenye afya waliombwa wakae kando. Orodha ilikuwa ya uadilifu, ila ilikuwa na kasoro moja kubwa: waliotajwa ndani yake walikuwa wengi kuliko dozi zilizosalia. Zaidi ya hayo, dozi zenyewe zilikuwa zimeshaanza kusafirishwa kwa wanunuzi binafsi. Daktari aliyeagiza kwa Aventis alikuwa na akiba yake, na jirani yake aliyeagiza kwa Chiron hakuwa na hata kichupa kimoja. Hivyo zamu ya mzee ikategemea mahali ambapo daktari wake alinunua dawa.

Hapo ndipo foleni zilipoanza. Wazee walijipanga alfajiri nje ya maduka makubwa na vituo vya afya, wengine juu ya viti vya kukunja, wengine wakishikwa mkono na wana wao. Katika jimbo la California bibi mmoja, baada ya kusimama saa kadhaa, alianguka, akajigonga kichwa, akafariki. Mji wa Bloomfield, New Jersey, uliokuwa na dozi 300 tu, uliamua kupiga bahati nasibu ili wahitaji wasigombane mlangoni. Huko Seattle wapo waliopanda boti hadi Victoria, mji ulio juu ya kisiwa upande wa Kanada, wachanjwe huko na kurejea jioni. Kwa watu wa visiwani safari ya kuvuka maji kutafuta tabibu si ngeni. Ila waliozoea kuifanya ni wa visiwa maskini, na safari hii msafiri alikuwa raia wa dola tajiri kuliko zote.

Uhaba haukukosa walanguzi. Kichupa cha dozi 10, ambacho bei yake ya kawaida ilikuwa makumi ya dola, kilitajwa kwa mamia ya dola, na wanasheria wakuu wa majimbo wakafungua mashtaka. Uchaguzi wa rais ulikuwa umekaribia, na chanjo ikaingia katika mdahalo wa tarehe 13 Oktoba, ambapo Rais George W. Bush alisema kuwa yeye hakuchanjwa na hakukusudia kuchanjwa mwaka huo. Wakati huo huo Baraza la Congress lililaumiwa baada ya kubainika kuwa wajumbe wenye afya walikuwa wakipewa chanjo katika zahanati ya huko bungeni.

Hata hivyo, lililo kubwa katika historia hii lilitendwa na watu wasio na majina. Wenye afya walio chini ya miaka 65 walisikia ombi na wengi wakalitii, hata idadi ya waliochanjwa miongoni mwao ikashuka kwa takriban nusu ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Wazee waliochanjwa mwishowe walikuwa kama 63 katika kila 100, pungufu kidogo tu ya msimu wa kabla yake. Mamilioni waliiachia zamu yao imfikie mgonjwa wasiyemjua.

Lakini wema huo ulikuwa na upande wake wa pili. Palikuwa na wakongwe waliokuwa juu kabisa katika orodha ambao, walipoulizwa baadaye kwa nini hawakuchanjwa, walijibu kuwa walimwachia mwenye kuhitaji zaidi. Wengine walizisikia habari za foleni wakakata tamaa wasitoke nyumbani kabisa. Ilipofika Januari 2005 baadhi ya majimbo yalikuwa na chanjo isiyokuwa na wa kuichukua, na masharti yakalegezwa ili waliotimiza miaka 50 nao wachanjwe. Mahali pamoja mzee alikosa dozi, na mahali pengine dozi ilikosa mzee.

Marekani ilijifunza kwa namna yake. Watengenezaji wapya walipewa leseni kuanzia mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaidhinishwa huko chanjo ya homa ya mafua inayokuzwa katika seli badala ya yai. Mwaka 2010 nchi hiyo, ambayo miaka sita kabla iliwaomba wenye afya wasichanjwe, ilipendekeza kila mtu aliyetimiza miezi sita achanjwe kila mwaka.

Funzo hilo halikufika kila mahali. Mwaka 2003, kabla hata ya mkasa wa Liverpool, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo kwamba nchi zenye sera ya chanjo hii zifikishe wazee 75 katika kila 100 ifikapo mwaka 2010. Katika nchi nyingi za Afrika sera yenyewe haikuwapo, na hadi leo chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba zao za kawaida. Homa mpya ilipozuka mwaka 2009, mataifa tajiri yalikuwa yameshaagiza sehemu kubwa ya chanjo ya dunia kwa mikataba. Mengine yalisubiri misaada, ambayo aghalabu ilifika wimbi likiwa limeshapita. Kile kilichoitwa uhaba huko Marekani, kikaandikwa magazetini kwa majira mazima, ndiyo hali ya kila mwaka ya mkongwe wa mwambao. Tofauti ni kwamba yeye hana foleni ya kusimama, wala hajapata kuulizwa kama yuko tayari kumwachia mwenziwe zamu yake.