Wabebaji wa Musoma na Mapigo ya Moyo

Utafiti wa magonjwa ya kurithi katika Kanda ya Ziwa una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa pwani, wa nyanda za juu na wa kandokando ya Ziwa Victoria, akabaini kwamba jeni ya selimundu, yaani ile inayozifanya chembe nyekundu za damu zijikunje mfano wa mundu zinapokosa oksijeni, ilibebwa na zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii za pwani na ziwani, ilhali kule milimani haikufika hata asilimia 1. 

Allison alieleza mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, yaani mbebaji, hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, lakini hesabu aliyoichapisha mwaka 1956 kutoka wilaya ya Musoma ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Kati ya watoto wachanga 287, wabebaji walikuwa 89 na waliorithi kwa wazazi wote wawili, yaani wagonjwa wenyewe, walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, wabebaji walikuwa 249, na wa kundi lile la pili walikuwa 5 tu. Kwa maneno mengine, wagonjwa walipungua kutoka takribani asilimia 3 hadi chini ya asilimia 1, huku wabebaji wakiongezeka kutoka asilimia 31 hadi 38, na katika pengo hilo vimo vifo vya utotoni ambavyo jedwali halivitaji.

Wingi huo wa wabebaji haujatoweka. Mwaka 2017 na 2018, maabara ya Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ilipima upya matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kuwachunguza watoto waliozaliwa na mama wenye VVU, na katika sampuli zaidi ya 17,000, mtoto mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji.

Swali la Musoma, kwa nini wengi hubeba na wachache huugua, limehamia sasa kwenye moyo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitangaza badiliko katika jeni ya mlango wa sodiamu, yaani tundu ambalo sodiamu hupitia ili kuwasha kila pigo la moyo. Hubebwa na takribani asilimia 13 ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, ambao wengi wao huishi bila tatizo mpaka dawa fulani au upungufu wa potasiamu uvuruge mapigo. Njia ya kulichunguza suala la namna hiyo ilifunguliwa na Shinya Yamanaka wa Japani, aliyeonyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi inaweza kurudishwa kuwa seli shina, yaani seli changa inayoweza kukua kuwa ya kiungo chochote. Kufikia 2010 watafiti wa Munich walikwishazigeuza seli za watu wa familia moja wenye ugonjwa wa kurithi wa mapigo kuwa seli za moyo, zikadunda ndani ya kisahani zikiwa na kasoro ileile ya umeme.

Ni kazi ya kustaajabisha, ila ina mipaka miwili inayoihusu Kanda ya Ziwa moja kwa moja. Seli shina nyingi zilizomo katika hazina za maabara zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tena seli za moyo zinazokuzwa hivyo hubaki changa kama za kijusi, hazijapata kuugua malaria wala kumeza dawa yake, wakati hesabu ya Allison iliionyesha kinga ya wabebaji kwa kuwalinganisha wachanga na watu wazima wa mahali pamoja.